Mwezi wa Kwenda Kainam

Asubuhi ile Hhando aliamka akamkuta mkewe ameshakoka moto. Halikuwa jambo jipya. Kwa miaka arobaini na minane Kornelia ndiye aliyeanza kutoka kitandani, na Hhando ndiye aliyelalamika kwamba moshi umemwamsha. Siku hiyo pia alilalamika. Kornelia akamjibu kwamba mwenye macho mepesi namna hiyo aamke yeye, akoke moto usio na moshi, watu waje kujifunza.

Ulikuwa mwezi wa pili. Mvua za kwanza zilikuwa zimesimama, na mahindi ya kijijini kwao Dirma yamefika magotini yakingoja palizi. Kornelia akatoka nje na kikombe cha chai mkononi, akautazama Mlima Hanang kabla hajamtazama mtu. Hiyo ilikuwa sala yake ya kwanza, ile nyingine ilifuata baadaye. Mlima ulikuwa wazi mpaka kichwani.

"Leo amejivua," akasema.

Aliuzungumzia mlima kama mtu anavyomzungumzia jirani. Ukiwa na wingu husema amejifunika kama mkwe mgeni. Upepo mkali ukishuka husema mzee ameamka vibaya.

Wakanywa chai kwa viazi vitamu vilivyolala. Kornelia akamsogezea mumewe kile kikubwa, kama siku zote. Hhando akakirudisha, kama siku zote, na mwishowe akakila. Ndipo Kornelia akamwambia kwamba mdogo wake, Akonaay, amepiga simu kutoka kwao Kainam. Mama yao, bibi Genoveva, miguu imekataa. Havuki tena kizingiti. Kila jioni anauliza binti yake atafika lini.

"Twende mwezi wa nne," Kornelia akasema.

Hhando alimaliza kutafuna kwanza. Kisha akasema mwezi wa nne njia ya kule juu ni uji mtupu. Na mizinga yake haina kitu. Wangoje mwezi wa saba. Mahindi yatakuwa yamevunwa, njia imekauka, na nyuki, Mungu akipenda, watakuwa wamejaza. Mkwe hapandi Kainam mikono ikining'inia.

"Haya, baba Onesphory. Mwezi wa saba."

Alisema hivyo kama anavyomkubalia mjukuu anayedai ameua simba.

Simu ikalia. Alikuwa Shamimu wa Katesh, mwenye nyumba ya wageni. Hhando akainuka kwenda kufungua zizi. Kornelia hakuwahi kuamini kwamba simu yenyewe inapeleka sauti; alipiga kelele kana kwamba Katesh itamsikia bila chombo. Kwa hiyo Hhando, akiwa kule zizini anavuta mti wa mlango, alisikia kicheko chake, akasikia akiuliza huyo mgeni likizo yake ni lini, kisha akasikia hivi:

"Mwezi wa nne hakuna cha kuona huko, ukungu tu."

Hhando akaridhika. Akageuka akamwita mkewe kwa mbali, akamuuliza kama amesikia maneno ya kinywa chake mwenyewe. Kornelia, simu ikiwa bado sikioni, akampungia mkono wa kumfukuza, ule wa kufukuza kuku penye mtama. Hhando akacheka kidogo. Akawatoa ng'ombe wanne, akaenda nao. Hakungoja kusikia zaidi.

Saa sita Gidahosh, mfugaji wanayepakana naye, alimfuata malishoni akitembea haraka, na Gidahosh si mtu wa kutembea haraka. Kornelia alikuwa ameanguka mashineni, ndoo yake ya mahindi ikiwa ya tatu kwenye foleni. Alilala hospitali siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu wakamrudisha Dirma kwa gari la kukodi, wakawangoja watu wa Kainam, wakamzika karibu na matuta yake ya viazi.

*

Matuta hayo yalikuwa na historia yake.

Kornelia alizaliwa Kainam, kule juu Mbulu, mahali ambapo hakuna uwanja wa kutosha ng'ombe kujigeuza. Nyumba yao ilichimbiwa kwenye ubavu wa kilima. Nyuma, paa liligusa ardhi, na mbuzi walipanda juu yake kama wanapanda kichuguu. Huko mtu halimi mpaka amejenga shamba lake kwanza: anapindua majani, anainua tuta, anachimbia maji njia ya kupita. Mtoto anajua kazi hiyo kabla hajajua kusali.

Hhando alimwoa mwaka ambao watu wengi wa Mbulu walikuwa wakishuka Hanang kutafuta ardhi. Walitembea siku tatu nyuma ya punda mmoja. Punda alibeba sufuria, magodoro ya ngozi na jembe. Kornelia alibeba mwenyewe furushi la marando ya kupandia viazi, yamefungwa kwenye gunia bichi, na kila kijito walichovuka aliyalowesha. Hhando alimwambia viazi vipo hata Hanang. Alijibiwa kwamba hivyo ni viazi vya watu.

Walipofika Dirma, Kornelia akaitazama ile ardhi iliyotandazwa kama mkeka, hakuna kilima hakuna bonde, mlima mmoja tu umesimama peke yake kwa mbali. Akalia. Kesho yake akashika jembe akaanza kuinua matuta na kuchimba mifereji, vilevile kama Kainam. Gidahosh, wakati huo kijana mwenye fimbo mpya, alisimama na ng'ombe wake kutazama. Akauliza kama mke wa Hhando anachimbia nyoka. Watu wakacheka mwaka mzima. Mwaka wa pili mvua ilinyesha wiki mbili bila kupumua, mashamba yakawa bwawa, na viazi vya Kornelia vikabaki vimesimama juu ya matuta yao. Gidahosh alikuja na kibuyu cha maziwa kuomba viazi. Kornelia akampa, akamwambia aangalie nyoka.

Alizaa watoto watano. Wawili walitangulia wakiwa wadogo. Waliobaki ni Onesphory, mkubwa, na mabinti wawili walioolewa mbali. Shule Kornelia alifika darasa la nne. Hhando hakufika hata la kwanza, kwa hiyo barua zote, na baadaye simu zote, zilikuwa za mkewe. Yeye alikuwa na ng'ombe, shamba na mizinga saba ya nyuki juu ya migunga. Maneno hakuwa nayo mengi. Hakuyahitaji, nyumbani yalikuwepo ya kutosha.

Kazi ya kuusoma mlima ilianza hivi. Kornelia alikuwa akimpelekea Shamimu mayai Katesh siku za mnada. Siku moja akamkuta na wageni watatu wenye mabegi mgongoni, wamekuja kupanda Hanang. Kornelia akatazama juu, akasema leo wasipande, watapotea kwenye wingu. Wageni hawakusikia Kiswahili, na Shamimu hakutaka kupoteza siku. Wakapanda. Wakarudi kesho yake wamelowa mpaka kwenye soksi, hawajaona hata miguu yao. Tangu hapo Shamimu akawa anauliza kwanza. Mgeni akitaka kuja, awe wa Arusha au wa ng'ambo, Shamimu anapiga simu Dirma: mama Onesphory, waje mwezi gani?

Kornelia alijibu kwa kirefu. Mwezi wa tatu mpaka wa tano wasijaribu, mlima unateleza kama samaki. Mwezi wa sita na wa saba hakuna mvua, lakini baridi itawakata masikio na wingu halitoki kabla ya saa nne. Mwezi wa nane upepo. Waje mwezi wa tisa, au wa kumi mwanzoni, kabla mvua haijakumbuka njia. Wakifika juu asubuhi wataona Ziwa Balangida linavyong'aa kwa chumvi, wataona Basotu, wataona mpaka wachoke. Shamimu aliyaandika yote kwenye daftari kubwa la kuandikia wageni, ukurasa wa nyuma, tarehe juu na maneno chini. Alisema mama Onesphory akisema neno ni afadhali uliandike vilevile, ukilipanga upya linaharibika.

Mwenyewe Kornelia hakupanda Hanang hata mara moja. Alifika panapookotwa kuni, akarudi. Alipoulizwa sababu, alisema mlima wake uko kwingine.

Na huko kwenye mlima wake ndiko alikokuwa haendi.

Mara ya mwisho alikwenda kumzika baba yake. Alikaa siku mbili tu, kwa sababu ng'ombe wa Dirma alikuwa karibu kuzaa. Ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma. Baada ya hapo kila mwaka walipanga, na kila mwaka Hhando alikuwa na neno. Neno lenyewe lilikuwa asali.

Siku ya kumchukua Kornelia kwao, wazee wa Kainam walimtaka Hhando alete asali ya kutengenezea pombe ya baraka. Alileta debe zima, mwenyewe, begani, kutoka kwenye mizinga yake. Wazee wakanywa, wakaomba, wakatema baraka, na mmoja wao akasema mbele ya watu wote kwamba huyu ni mkwe wa asali. Hhando hakusahau. Tangu siku hiyo alijiwekea kwamba hapandi ukweni bila asali yake mwenyewe. Asali ya dukani hakuitaka, alisema wanachanganya na sukari. Kornelia alimwambia basi tununue sukari yenyewe, tuache kumsumbua nyuki. Hhando hakucheka.

Mwaka mmoja ukame, migunga haikutoa maua. Mwaka mwingine wachoma mkaa walikata miti mitatu yenye mizinga, ikabidi achonge mingine. Mwaka mwingine nyuki walihama wote, hakuna aliyejua walikosewa nini. Mwaka tope liliposhuka kutoka mlimani likazika nyumba za Katesh, hakuna aliyekuwa na moyo wa safari. Na mwaka mzinga ulipojaa kidogo, Hhando alipima akaona haifiki nusu debe. Akasema si haba, lakini si ya kwenda nayo. Kornelia akaila kwa chapati, taratibu, mpaka ikaisha.

Hakuwahi kugomba juu ya jambo hilo. Labda angegomba, Hhando angemsikia.

*

Kwenye mazishi alikuja Akonaay na wazee wawili. Bibi Genoveva hawakumleta, asingeweza kukaa kwenye gari. Akonaay alisema wamemwambia. Bibi alisikiliza, na asubuhi yake akaagiza kitanda cha Kornelia kitandikwe. Wakamwambia tena. Akasema amesikia, lakini mkwe wake ametuma neno kwa simu ya Kornelia kwamba ni mwezi wa saba, basi yeye atangoja mwezi wa saba.

Hhando alisikia maneno hayo akiwa amekaa kwenye kigoda cha mkewe.

Mwezi wa tatu ukaja na mvua zake. Hhando alipalilia mahindi, kisha akapalilia viazi vya Kornelia, ambavyo hakuwahi kuvishika. Asubuhi alijikuta akitoka nje na kikombe, akitazama mlima. Hakuona la kusema juu yake. Ulikuwa mlima.

Mwishoni mwa mwezi Akonaay akapiga simu, Onesphory akapokea. Bibi hali vizuri. Anakula kijiko, anakataa kijiko. Kitanda bado kinatandikwa. Kila akiambiwa Kornelia amekufa, anauliza nani amemwona. Anasema wenye kuleta habari hiyo ni watoto wake, na watoto huambiwa na watu. Mkwe wake hajamwambia.

Hhando akaagiza begi lake litolewe chini ya kitanda.

Onesphory alimsihi. Alimweleza juu ya mvua, juu ya ile njia, juu ya kifua chake cha kukohoa, juu ya miaka yake sabini na miwili.

"Baba, ngoja mwezi wa saba. Njia itakuwa imekauka."

Hhando akaendelea kupanga nguo begini.

"Hayo ni maneno yangu," akasema. "Nirudishie."

Mwezi wa nne ulipoingia, siku moja kabla ya safari, alikwenda kwenye mizinga. Sita ilikuwa mitupu. Wa saba akaukuta na sega moja, pana kama kiganja. Zamani angeliacha pale kwa aibu. Akalikamua kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, kikajaa mpaka shingoni. Kisha akakata marando kwenye matuta ya Kornelia, akayafunga kwenye gunia, akalilowesha gunia kwa maji.

Alipita Katesh, akashuka Dareda, akangoja gari la kupandisha ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Dongobesh. Lilikwama mara mbili, abiria wakashuka wakasukuma, na yeye akasukuma. Mbulu mjini akalala kwa jamaa. Asubuhi pikipiki ikampeleka mpaka kwenye kijito ambacho kilikuwa kimeamua kuwa mto, dereva akakataa kuendelea, akamwonya na yeye asiendelee. Hhando akavua viatu. Alilowesha gunia lake pale kijitoni, ijapokuwa lilikuwa limeshalowa, akavuka.

Ukungu ulikuwa mzito. Hakuona vilima alivyovikumbuka wala matuta ubavuni mwake. Alipanda kwa kufuata maji yanayoteremka. Alisikia kengele ya ng'ombe kabla ya kuona zizi, na aliona zizi kabla ya kuona nyumba. Akabisha hodi.

Ndani walikuwepo wote. Akonaay na mkewe. Wanawe watatu, ambao kiangazi hushinda Basotu wakivuna ngano ya watu. Wake zao. Agatha, mdogo wa mwisho wa Kornelia, mjane anayezunguka minadani na vitunguu. Watoto hakuwahesabu. Walikaa kuzunguka moto kwa sababu hakukuwa na mahali pa kwenda. Shamba limelowa, mnada umefungwa na tope. Waliposikia sauti yake walisogea kama watu wanaosogea kwenye benchi la kanisa, na nafasi ikapatikana.

Bibi Genoveva alikuwa amelala kwenye ngozi upande wa moto. Alikuwa amepungua mpaka amekuwa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na mwenzako?"

Hhando akapiga magoti kwenye udongo. Njia nzima alikuwa ametafuta maneno, na sasa aliona machache tu.

"Nimekuja peke yangu, mama. Kornelia amekufa. Nimemzika mimi mwenyewe."

Hhando, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake, akatoa kile kichupa.

"Asali imekuwa kidogo," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nachelewa kuja. Nilikuwa nangoja ijae."

Bibi Genoveva akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga wa moto. Akauliza kama ni dawa. Agatha akamwambia ni asali ya mkwe. Bibi akatingisha kichwa.

"Nani alikwambia mimi nakula asali? Ile ya kwanza walikunywa wanaume. Mimi sikupewa hata ya kuramba."

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Bibi akanyoosha mkono, akamshika Hhando kifuani kuona amelowa kiasi gani. Vidole vyake vikapita kwenye shati, kutoka kifungo mpaka kifungo, polepole, vikafika mahali pasipo na kifungo, vikakaa hapo. Uzi ulikuwa unaning'inia.

"Hiki kimetoka lini?"

Hhando akasema hajui. Labda mwezi wa tatu.

"Mwanangu hawezi kukuacha utoke nyumbani hivi, uje kwangu," bibi akasema. Akauvuta ule uzi, akaukata kwa kidole. "Basi ni kweli."

Akalia. Hapo ndipo nyumba nzima ikalia naye, watu wazima na watoto, na Hhando, ambaye Dirma hakulia mbele ya mtu, akalia kati yao, hakuna aliyemtazama.

Jioni Agatha akakitandua kile kitanda kilichokuwa kikitandikwa. Bibi hakumzuia. Alikula vijiko sita.

Mvua ilimfungia Hhando huko siku nne. Hakuna alichokiona cha Kainam isipokuwa moto na nyuso. Lakini alisikia. Alisikia kwamba Kornelia alipokuwa mdogo aliweza kuiga mwendo wa katekista mpaka katekista mwenyewe akacheka. Alisikia kwamba aliwahi kuteleza kijitoni na mtungi, mtungi ukapona, jino likavunjika. Miaka arobaini na minane Hhando aliliona lile jino akadhani amezaliwa nalo. Alisikia kwamba usiku wa kuamkia ndoa aliwaambia dada zake huyo mwanamume hasemi, lakini akibeba kitu hakiangushi.

Siku ya tatu ukungu ulipungua kidogo. Akatoka na Agatha na watoto, wakainua matuta mawili mbele ya mlango, mahali ambapo bibi anaweza kuyaona akiwa amekaa kizingitini, wakapanda yale marando. Ardhi ilikuwa imelainika vizuri. Agatha akasema hivi viazi wao walishavipoteza kwa panya na ukame. Akasema marando ya kwenda mbali yanataka mvua. Yangekuja kiangazi yangefika kuni.

Hhando akaendelea kushindilia udongo kwa kisigino.

*

Aliporudi alishuka Katesh kungoja pikipiki ya Dirma. Shamimu akamwona barabarani, akamwita aingie ndani, akamwamkia, akampa chai na andazi. Akampa pole kwa mara nyingine. Wageni wameadimika, akasema, mvua imewazuia. Yule mwalimu wa Dar aliyekuwa na likizo mwezi wa nne, aliyetaka kwenda kutembea huko Mbulu juu, naye hakuja.

Kisha akafungua daftari kubwa ukurasa wa nyuma.

"Mzee, hapa ndipo maneno yake ya mwisho kwangu. Yale ya asubuhi ile. Nikusomee?"

Hhando akasema hayo aliyasikia. Alikuwa zizini. Ni habari ya ukungu.

"Uliyasikia yote?"

Hhando akaweka kikombe chini. Nje, mlima ulikuwa umejifunika mpaka magotini. Akamwambia asome.

Shamimu akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kama yalivyosemwa:

"Mwezi wa nne hakuna cha kuona huko, ukungu tu. Lakini mwambie aende, watu wote wapo nyumbani."